SOMO LA NYUMBANI: KUPANGA PICHA ZETU KATIKA KOMPYUTA



Ukurasa huu umezoea kuleta masomo ya nyumbani, kama vile kuhifadhi mahindi yasibunguliwe, kuandika wosia na kutunza hesabu za kikundi. Safari hii twaleta jambo ambalo huenda wengine wataliona ni la vijana, nalo ni kupanga picha katika kompyuta ya nyumbani. Aliyewahi kufiwa hatalidharau, na kwanza yafaa tueleze sababu.

Miaka michache iliyopita tulifiwa na dada yetu mkubwa, naye alituondokea ghafula. Usiku wa kwanza wa msiba, watu wakiwa bado wanafika na turubai likiwa bado linafungwa, alitujia kijana wa familia aliyepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha ratiba ya mazishi.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pole sana. Naomba picha nzuri ya bibi, ya kuweka mbele ya kijitabu. Mchapaji anaitaka saa moja asubuhi.”

“Zipo,” tulimjibu, “tena nyingi.”

Nasi tulisema kweli, kwa kuwa katika kompyuta yetu zilikuwamo picha zaidi ya elfu sita. Basi tukaiwasha. Tukakuta folda iitwayo “Picha”, nyingine “Picha mpya”, nyingine “Picha mpya kabisa”, nyingine “Simu ya zamani”, na baada ya hizo folda nane au tisa ambazo kompyuta yenyewe ilizipa jina la “New folder”, maana sisi hatukujisumbua kuzipa jina. Ndani yake kila picha iliitwa IMG_4471 au DSC00213 au kitu kama hicho. Tulifungua moja baada ya nyingine. Tuliona risiti za saruji, tukaona mbuzi yule yule mara tatu, tukaona keki ya kipaimara ikiwa nzima, ikikatwa na ikiisha. Dada tulimwona mara mbili kwa mbali, amegeuka. Ilipofika saa nane za usiku yule kijana alikuwa amelala kwenye kiti. Asubuhi ikatumika picha ya kitambulisho chake cha taifa, ile ambayo mtu hatakiwi kutabasamu.

Majuma matatu baada ya mazishi, tukitafuta kitu kingine kabisa, tulifungua “New folder (2)”, ndani yake mna folda nyingine, na ndani ya hiyo tukamkuta. Ilikuwa siku ya Pasaka. Amekaa mkekani anachambua mchele, anacheka mpaka macho yamefumba. Tulizima kompyuta, na siku kadhaa zikapita kabla hatujaiwasha tena.

Tulipoiwasha ilikuwa ni kwa kazi hii tunayotaka kuwafundisha. Ilituchukua miezi minne ya jioni jioni. Mtu anayeanza mapema hahitaji hata wiki moja.

Folda ni nini

Sisi tuliosomea ualimu zamani tulifundishwa kwamba mwalimu asiye na azimio la kazi na andalio la somo haruhusiwi kuingia darasani. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa kitu cha kuheshimiwa, na ole wako mkaguzi akute jina limeandikwa juu ya jina. Ajabu ni kwamba mtu aliyeishi hivyo kazini miaka thelathini na zaidi anaweza kufika nyumbani na kutupa picha zake kama anayetupa magunia ghalani.

Basi tuifikirie kompyuta kama shule. Kila picha ni mwanafunzi mmoja, nayo kompyuta huiita faili. Folda, ambayo wengine huiita kabrasha au jalada, ni chumba cha darasa. Darasa huweza kuwa ndani ya jengo, na jengo ndani ya uwanja. Vivyo hivyo folda huweza kukaa ndani ya folda nyingine. Ila katika shule hii kuna sheria moja ambayo wengi hawaielewi: mwanafunzi mmoja hukaa chumba kimoja tu. Ukimweka katika vyumba viwili, umetengeneza watoto wawili wanaofanana, na siku utakapomwandika mmoja jina, wa pili atabaki bila jina.

Hapo ndipo watu wengi hukwama mwanzoni. Picha ya bibi akiwa kwenye harusi ya mjukuu, iwekwe folda ya bibi, ya harusi, au ya mjukuu? Sisi tulianza kwa folda za watu, tukajuta. Kufikia jioni ya pili tulikuwa na nakala tano za picha moja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na watu watano. Ushauri wetu ni huu: folda ifuate tukio na tarehe yake. Tukio hutokea siku moja tu, lakini watu huonekana kila mahali. Habari za watu tutazishughulikia kwa njia nyingine, hapo mbele.

Tarehe kwanza, tena kwa kuigeuza

Fungua ile folda ambayo kompyuta yenye Windows huiita “Pictures”. Mahali peupe bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua “New”, kisha “Folder”, na papo hapo, kabla hujafanya jambo jingine, andika jina. Usiondoke bila kuandika. Jina la kwanza liwe mwaka tu, yaani 2024. Ndani ya mwaka huo tengeneza folda ya kila tukio, na jina lake lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha maneno machache, hivi:

2024-03-31 Pasaka nyumbani

Watu wengi hutaka kuandika 31/3/2024, jinsi tulivyozoea katika barua. Kwanza, Windows itakataa. Haipokei mstari wa mshazari katika jina, wala nukta pacha, wala alama ya kuuliza, wala nyota. Pili, hata ukiandika 31-3-2024 ikakubali, kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto, kwa hiyo itaziweka tarehe 31 za miezi yote na miaka yote pamoja, na Krismasi ya mwaka huu itakaa karibu na Krismasi ya miaka kumi iliyopita huku Jumapili iliyofuata ikiwa mbali kabisa. Ukianza na mwaka, mambo hujipanga yenyewe kama yalivyotokea. Jambo hili si ubunifu wetu. Shirika la kimataifa la viwango lilitoa mwaka 1988 kanuni ya kuandika tarehe kwa mpango huu, nayo huitwa ISO 8601. Mwezi wa tatu uandikwe 03, si 3, kwa sababu vyombo vingine huweka 10 mbele ya 3, vikiangalia tarakimu ya kwanza tu.

Kuna mwenzetu mmoja katika halmashauri aliyetushauri tupange kwa majira ya Kanisa: Majilio, Krismasi, Kwaresima, Pasaka na kuendelea. Ni wazo zuri kwa masikio. Lakini Pasaka huhama. Mwaka 2023 iliangukia tarehe 9 Aprili, mwaka 2024 tarehe 31 Machi, mwaka 2025 tarehe 20 Aprili, na mwaka 2026 tarehe 5 Aprili. Tena mwaka wa Kanisa huanza Majilio, hivyo picha za mwaka mmoja wa kalenda zingegawanyika kati ya miaka miwili ya Kanisa. Sisi tumeona heri tarehe itangulie na sikukuu ifuate, “2025-04-13 Jumapili ya Mitende”, na anayetaka Mitende zote ataandika neno hilo katika kisanduku cha kutafutia kilichoko juu upande wa kulia, naye ataletewa za miaka yote.

Majina ya watu

Sasa tufike penye uzito. Kompyuta huweza kukumbuka tarehe bila wewe. Haiwezi kukumbuka kwamba yule mama mwenye kilemba cheupe ndiye aliyemsimamia mtoto wako ubatizo. Hilo lipo kichwani mwako, na kichwa chako hakina nakala.

Kila folda ya tukio, chagua picha chache zilizo bora, tatu au nne zatosha, uzipe majina kamili. Bofya picha mara moja, bonyeza kitufe cha F2 juu ya kibodi, andika. Jina la picha lianze na tarehe vile vile, kisha majina ya waliomo kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama kwanza, kisha waliokaa. Zile nyingine ziache na namba zake. Mtu anayejaribu kuzipa majina picha elfu sita atachoka picha ya mia mbili, nasi tunajua.

Lakini jihadharini na majina yetu ya heshima na ya ukoo. Katika folda zetu tulikuta picha imeandikwa “Mjomba na Shangazi”. Mjomba wa nani? Aliyeandika alimjua. Mjomba wa huyu ni baba wa yule, na kwa mwingine ni babu. Baada ya miaka arobaini mtoto atakayeisoma picha hiyo hatakuwa na wa kumwuliza. Vile vile kina mama zetu, ambao tangu mtoto wao wa kwanza kuzaliwa kijiji kizima huwaita Mama Fulani, hata jirani wa ukuta mmoja hajui jina alilobatizwa nalo. Mama wa Mama Fulani naye aliitwa hivyo hivyo kwa mtoto wake. Sisi tulilazimika kupiga simu kwa wazee watatu ili kujua jina la ubatizo la bibi mmoja aliyeimba kwaya nasi miaka mingi, na tuliona haya kuuliza. Kwa hiyo andikeni jina la ubatizo, jina la baba yake, na jina la heshima mwishoni, yote matatu. Na mkichagua namna ya kuandika jina la mtu, msiibadilishe. Ukiandika leo “Mama Mdogo”, kesho “Mamdogo”, na keshokutwa “M. Mdogo”, kompyuta itadhani ni watu watatu.

Kama mnaye mzee nyumbani, mkalisheni mbele ya kioo cha kompyuta jioni moja kwa juma, nusu saa tu. Msimwulize “Huyu ni nani?” kila picha kama mtihani wa darasa la saba. Mwonyesheni picha, mnyamaze. Ataanza mwenyewe. Mmoja aandike kwenye daftari, na daftari hilo baadaye liingizwe kwenye majina ya picha.

Kutoa picha kwenye simu

Simu iunganishwe na kompyuta kwa waya wake, yule wa kuchajia. Simu itauliza kama waruhusu picha zionekane, kubali. Ndani ya simu tafuta folda iitwayo DCIM. Jina hilo hutumiwa na kamera za dijitali za kila aina, kwa hiyo ukilijua umezijua zote. Chagua picha za tukio moja kwa kushika kitufe cha Ctrl huku ukibofya kila moja, kisha Ctrl pamoja na C kunakili, fungua folda uliyoitayarisha, kisha Ctrl pamoja na V kubandika.

Nakili, usihamishe. Umeme wetu mnaujua. Kuhamisha kukikatizwa katikati, huenda ukakuta picha zimegawanyika, nyingine huku, nyingine kule, na moja ya katikati imeharibika. Nakili kwanza, hesabu idadi pande zote mbili, fungua mbili tatu kuona kama zinafunguka, na hapo ndipo ufute zile za kwenye simu. Tena mjue kwamba kitu ulichokifuta kwenye diski ya kompyuta huenda kwanza kwenye pipa la taka nawe waweza kukirudisha, lakini ulichokifuta kwenye flashi hakipitii pipa hilo.

Kamera ndogo zile za zamani zina mtego mwingine. Huhesabu picha mpaka 9999, kisha hurudi 0001. Hivyo huweza kutokea IMG_0012 mbili, moja ya ubatizo na moja ya mazishi, ambazo hazina uhusiano wowote. Ukizileta kwenye folda moja kompyuta itauliza kama ya zamani ifutwe ikae mpya, au iache, au zikae zote. Ukikubali ya kwanza kwa haraka, picha moja imekwenda, na hata kwenye pipa haimo. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na folda ya kila tukio.

Picha mnazotumiana kwa WhatsApp zitengwe kidogo. Jina lake huwa kama IMG-20240331-WA0007. Tarehe hiyo ni ya kupokelewa, si ya kupigwa. Jamaa akikutumia leo picha ya harusi ya mwaka 2012 itaandikwa tarehe ya leo. Zaidi ya hayo, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa ili isimalize bando, na zile habari zilizofichwa ndani yake, yaani tarehe, saa na aina ya kamera, huondolewa. Ukitaka picha kamili, hasa ya kuchapisha, mwombe akutumie kama waraka, si kama picha. Picha moja ya simu ya siku hizi mara nyingi ni kati ya MB 2 na 5. Ukiona uliyoletewa ina MB 0.1, usiipeleke kwa mchapaji akuze mpaka ukubwa wa ukuta.

Saa ya kamera

Tulipozungumza juu ya habari zilizofichwa, tulimaanisha kwamba kila picha ya kamera au ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua “Properties”, kisha “Details”, utaziona. Ni msaada mkubwa, ila tusizisadiki kama Maandiko. Kamera iliyokaa bila betri husahau siku, nayo huanza tena kwenye tarehe aliyoiweka mwundaji. Tulikuwa na ubatizo wa mwaka 2016 uliojiandika Januari mosi ya 2008, wakati hata wazazi wa mtoto hawajafahamiana. Tena saa ya kompyuta huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, si kwa saa zetu. Picha iliyoandikwa 09:30 ilipigwa saa tatu na nusu asubuhi, na ya 19:00 ni saa moja ya usiku. Mjukuu mmoja wa jirani yetu aliandika kwa makini kwamba ibada ya Mkesha ilianza saa tano asubuhi kwa kuwa alisoma 23:00 akaondoa kumi na mbili akasahau kusema usiku.

Picha za karatasi

Wengi wetu bado tuna sanduku la picha za karatasi, za tangu siku zile filamu moja ilikuwa na picha 36 na mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Huku pwani unyevu unazila. Zinaota madoa na kushikana. Zipigeni picha kwa simu. Kaeni kivulini karibu na dirisha au mlango, si juani, maana jua hutoa mng'aro. Picha ilale juu ya meza, simu iwe sambamba nayo, usitumie mwanga wa simu. Kisha pigeni na upande wa nyuma, kwa kuwa huko ndiko wazee waliandika. Zilizoshikana msizibandue kwa nguvu.

Picha hiyo mpya itabeba tarehe ya leo, lakini folda yake ni ya mwaka ilipopigwa ile ya kwanza. Msipojua mwezi wala siku, wekeni sifuri: “1981-00-00 Chuo cha ualimu, bweni letu”. Msipojua hata mwaka, kadirieni na mwandike neno “hivi” baada yake. Kuna dalili za kusaidia. Mtoto mchanga aliyebebwa ana cheti cha ubatizo. Kanisa lililo nyuma limeezekwa bati au bado makuti? Kanga yenye maneno ya sherehe fulani haiwezi kupigwa picha kabla ya sherehe hiyo. Kwa njia ya kanga tulirekebisha picha moja ya mama yetu ambayo familia yote iliamini ni ya mwaka 1960, ambapo kanga yenyewe ilikuwa ya Muungano, nao Muungano ni wa 1964.

Nakala

Sasa jambo la mwisho, ambalo watu husema watalifanya Jumamosi. Kompyuta huharibika, huibwa, hunyeshewa. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliwafundisha wenzake kanuni rahisi ya tatu, mbili, moja: nakala ziwe tatu, ziwe katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa kipato chetu twaweza kuifuata. Nakala ya kwanza ni kompyuta yenyewe. Ya pili ni diski ya nje, ile ambayo mafundi huiita ekstano, ikae kabatini imefungwa ndani ya mfuko mkavu, ichomekwe mara moja kwa mwezi na kuchomolewa. Ya tatu ni flashi, akae nayo mtoto au ndugu aliye mji mwingine. Picha elfu nne zenye wastani wa MB 3 ni kama GB 12, kwa hiyo zinaingia katika flashi ya GB 16. Kila mkikutana kwenye sikukuu, badilishaneni flashi.

Flashi hiyo ya akiba isiende steshenari. Tunasema hivi kwa uchungu. Tuliwahi kuipeleka mahali fulani kuchapisha picha mbili tu, ikarudi na virusi, folda zote zimegeuka vijia vya mkato visivyofunguka. Kwa kawaida virusi vya namna ile huzificha folda bila kuzifuta, na fundi alizipata, lakini tulilala usiku mmoja vibaya. Cha kupeleka dukani kiwe flashi ndogo tupu yenye zile picha mbili peke yake.

Wenye intaneti ya uhakika wanaweza kuweka nakala huko pia. Wajue tu mambo mawili. Google iliacha tarehe 1 Juni 2021 kupokea picha bila kikomo. Sasa zinahesabiwa ndani ya ile nafasi ya bure ya GB 15, pamoja na barua zako. Na ukifuta picha ndani ya programu yake ukidhani unapunguza mzigo wa simu, unaifuta pande zote mbili. Neno la siri la akaunti hiyo mwandikie mmoja katika familia unayemwamini. Tumeona familia ambayo picha za baba yao zipo, zinajulikana ziliko, na hakuna awezaye kuzifungua.

Kuhusu kufuta, hatuna kanuni. Picha arobaini za keki zinaweza kubaki tatu. Picha zisizoonekana vizuri za mtu aliye hai, tunazifuta bila huruma. Za marehemu tumeziacha zote, hata ile aliyogeuka.

Mkianza, msianze na yaliyopita. Tengenezeni folda moja mwiite “Bado kupangwa”, mwingize humo vurugu yote kama ilivyo, msiiguse. Anzeni na Jumapili hii. Ile ya vurugu mtaipunguza kidogo kidogo, mwaka mmoja kwa juma. Yetu ilikuwa na picha elfu sita na mia tatu. Leo asubuhi zimebaki mia moja na tisa, nyingi ni za watu tusiowatambua, na tumezipeleka kwa katibu wa mtaa.

Zitaonyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi baada ya ibada ya kwanza, Jumapili ya mwisho ya mwezi. Penseli itakuwapo. Anayemtambua mtu aandike chini yake jina la ubatizo, la baba na la heshima. Na wale wenye picha za kanisa letu kabla halijabadilishwa paa, tafadhali waje na flashi zao.